Fomu ya Baba

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Raymundi, na kwa miaka yote iliyofuata hakumnyima mtu ruhusa ya kusema hivyo. Hakuitwa bomani. Hakushitakiwa, wala hakuna tarishi aliyepiga hodi mlangoni kwake. Alijipeleka mwenyewe, siku mbili za njia kutoka Msuva hadi Tabora, kibuyu cha asali begani, akapanga foleni kwenye baraza ya boma katikati ya watu wenye kesi za ng'ombe na kesi za wake. Zamu yake ilipofika alivua kofia na kusema kwa sauti ya mtu mwema:

"Nimekuja kuuliza sheria."

Karani Damas aliinua macho. Miaka sita ya kukaa nyuma ya dirisha lile alikuwa amewaona watu waliokuja kuikimbia sheria, kuihonga, kuililia, hata kuitukana. Aliyekuja kuijulia hali hakuwahi kumwona.

"Sheria ipi, mzee? Ziko kabati zima."

"Ya kumfundisha mtoto nyumbani."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu mwenyewe."

Damas aliiweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kucheka na tonge bado liko mdomoni.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya nzige. Mwingereza alikuwa ameshakaa bomani vya kutosha kusahau kwamba kuta zile zilijengwa na Mjerumani, na sheria zilikuwa zikitoka humo kama kumbikumbi baada ya mvua: nyingi, zenye mbawa, na nusu yake zinakufa kabla hazijafika mbali. Hii ya elimu ilifika Msuva mdomoni mwa Bernardo, jirani yake Raymundi, aliyekuwa amerudi kutoka stesheni ya Tura na habari zilizochachia njiani. Bernardo alisema Serikali imekataza mtu yeyote kufundisha bila karatasi. Atakayekutwa anafundisha, pingu.

"Serikali imekuita?" Apolinaria alimwuliza mumewe.

"Haijaniita."

"Basi usiiitikie."

Lakini Raymundi alikuwa mrina asali, na warina asali wana ugonjwa wao. Katika misitu ya Sikonge mzinga usio na alama hauna mwenyewe. Hata nyani anaujua huo. Alama yake Raymundi ilikuwa duara lenye mikato mitatu ndani, aliyoachiwa na baba yake, na palipochongwa duara lile hata mwizi mwenye njaa alipita akimeza mate. Alidhani Serikali nayo ni msitu wa namna hiyo: unakwenda kwa mwenyewe, unaonyesha kitu chako, kinapigwa alama, unarudi kulala. Hakujua kwamba iko misitu ambayo ukiuonyesha mzinga wako ndipo unapochomwa moto.

Na kitu chake kilikuwa Paskazia, binti yake mwenye miaka kumi na mmoja. Homa ilimkausha mguu wa kushoto angali mdogo, akabaki anatembea kwa fimbo, hatua moja ya kweli na moja ya kukopa. Shule ilikuwa maili nane. Muhula mmoja mzima Raymundi alimbeba mgongoni, maili nane kwenda na nane kurudi, mzigo pekee katika maisha yake alioubeba bila mshahara na bila kunung'unika. Mizinga ikaachwa, nyegere wakala asali, nyumba ikalala njaa. Muhula wa pili akamkalisha mtoto ukumbini akamwambia, "Nitakufundisha mimi. Nikiishiwa, tutatafuta mwingine."

Hakutaka awe malkia. Alitaka asome tu, asije akaishi maisha yake yote akiambiwa na watu karatasi inasema nini.

"Haya," alisema Damas, akivuta karatasi ndefu yenye mistari. "Jina la shule?"

"Si shule, bwana karani. Ni mtoto mmoja."

"Mzee, nisikilize vizuri. Fomu ya shule ipo. Fomu ya baba haipo. Sasa unataka nikuandike kwenye fomu gani? Ya bunduki?"

Raymundi alifikiri. "Andika Paskazia."

"Shule ya Paskazia. Mwalimu mkuu?"

"Mimi."

"Mwalimu msaidizi?"

"Mama yake. Hajui kusoma, ila ndiye anayejua kama mtoto anasinzia."

"Shahada ya mwalimu mkuu?"

Raymundi alishusha shati akaonyesha bega. Lilikuwa na sugu nene, jeusi, kama kisigino kilichopotea njia. Wakati wa vita ya Wajerumani, alieleza, alikuwa mpagazi. Masanduku yalikuwa na herufi ubavuni, na aliyebeba sanduku la risasi akalifikisha kwa mpishi alichapwa. "Kila herufi niijuayo," alisema, "nimeilipia kiboko."

"Kiboko si shahada."

"Kwetu Msuva ndiyo."

Damas aliandika: hana. Aliandika kwa mwandiko wa kujivunia, wenye mikia na vichwa, herufi zikishikana mikono kama watoto wa harusi. Raymundi aliuangalia ukipita bila kutambua hata sura moja.

"Nikuulize, bwana karani. Mtoto akiachwa akae tu, asifundishwe na mtu, napo kuna fomu?"

"Aa, hapo uko huru. Ujinga hauna fomu, mzee. Ujinga umeruhusiwa nchi nzima."

Barazani watu walicheka. Damas, aliyekuwa Mzaramo na ameshatambua kwamba mbele yake amesimama Mnyamwezi, mtani wake wa halali, hakuona sababu ya kuishia hapo. "Nyinyi Wanyamwezi! Babu zenu walikuja pwani kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakarudi na shanga. Leo mjukuu kaja na akili kichwani, na naona hata shanga hatapata."

"Na nyinyi Wazaramo," alijibu Raymundi bila haraka, "mlikaa kando ya njia mkiwauzia wapagazi maji ya kisima. Naona bado uko kando ya njia, mtani. Umebadilisha kisima tu."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu zaidi, na Damas mwenyewe alikuwamo. Akakipokea kibuyu cha asali kwa niaba ya Serikali, na Serikali haikukiona hata siku moja. Kisha akapiga muhuri. Ulisema tu kwamba karatasi imepokelewa. Lakini ulikuwa wa mviringo, kama duara la mzinga, na mviringo ndio uliomponza Raymundi. Alirudi siku mbili za njia akipiga mluzi.

"Wamesemaje?" aliuliza Apolinaria.

"Wamepiga muhuri."

"Muhuri wa ruhusa?"

"Wa mviringo."

Apolinaria alimtazama kama anavyomtazama mbuzi aliyemkuta katikati ya mihogo. "Umemwamsha aliyelala, Baba Paskazia. Sasa mtafutie pa kukaa."

Wiki sita zilipita bila kitu. Masomo yaliendelea kwa vifaa vilivyokuwapo, yaani vifuniko vya mizinga. Mzinga wa magome hufungwa mwishoni kwa kifuniko cha mviringo, ubao mkavu wa ukubwa wa sahani ya pilau. Paskazia aliandika juu yake kwa mkaa. Kifuniko kikijaa, baba alikichukua akaenda kuufungia mzinga, akamwachia kingine. Nyuki hawakujali. Juu ya miti ya myombo kwa mwendo wa nusu siku ilining'inia mizinga yenye a-e-i-o-u, mizinga yenye hesabu za kutoa, na mmoja, juu kabisa ya mninga, wenye maneno "mama amekasirika leo".

Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kiliishia ukurasa wa kumi na tisa, maana kurasa zilizobaki zilisomwa na mbuzi. Hizo kumi na tisa Paskazia alizijua kwa moyo, hata kitabu kikishikwa miguu juu. Ndipo masomo yalipokwama. Mtoto hakuwa anasoma tena, alikuwa anakumbuka. "Baba, nipe kitu nisichokijua," alisema kila asubuhi, na Raymundi alikuna kichwa, kwa sababu kitu asichokijua mtoto hata yeye hakuwa nacho.

Kisha Serikali ikaamka.

Ilikuja na lori mpaka mtoni na kwa miguu kutoka mtoni: Bwana Mkaguzi, kijana mwekundu mwenye soksi ndefu, na nyuma yake Damas, amekumbatia kisanduku cha karatasi kama mama wa pacha. Bwana Mkaguzi alijua Kiswahili. Alikuwa amekisoma melini, kitabuni, na alikitoa kikiwa bado kimekunjwa vizuri.

"Shikamoo," alisema Paskazia kutoka mkekani.

"Marahaba," alisema Damas.

"Jambo," alisema Bwana Mkaguzi, akatoa futi kamba.

Alipima ukumbi. Alipima mlango. Akasimama mbele ya tundu la ukutani lililokuwa na ukubwa wa chungu.

"Dirisha liko wapi?"

"Ni hilo, Bwana," alisema Raymundi.

"Hili ni tundu la moshi."

"Na mwanga huingia, Bwana. Havigombani."

Damas aliandika. Bwana Mkaguzi alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. "Choo cha wavulana?"

"Wavulana hakuna, Bwana."

"Sikuuliza wavulana. Nimeuliza choo chao."

Apolinaria, aliyekuwa akipepeta mtama kando ya mlango, alisimamisha ungo kidogo, kisha akaendelea. 

Ndipo Bwana Mkaguzi alipoviona vifuniko. Kumi na vinne vilikuwa vimeegemezwa ukutani vikisubiri kupelekwa msituni, kila kimoja kimejaa maandishi ya mkaa. Alivihesabu kwa kidole. Akavihesabu tena. Uso wake ukapata furaha ya mtu aliyekuja kutafuta panya akakuta chui.

"Fomu yako ilisema mwanafunzi mmoja."

"Ndiyo, Bwana. Ni huyu."

"Vibao ni kumi na vinne. Hao kumi na watatu umewaficha wapi?"

"Si vibao, Bwana. Ni vya mizinga."

"Vina maandishi."

"Vina maandishi. Lakini ni vya mizinga. Hata huko msituni viko vingine." Na hapa, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, na mkweli mbele ya karani ni kama mtu aliye uchi mbele ya mizinga, alitaka kusaidia. "Viko sitini, nadhani. Vyote kaandika yeye."

Damas alikohoa. Alimtazama mtani wake kwa jicho la kumwambia nyamaza, ewe mwana wa shanga. Alikuwa amechelewa.

"Sitini," alisema Bwana Mkaguzi. "Na kumi na vinne." Akajumlisha bila msaada wa mtu, maana alikuwa amesoma sana. "Hii ni shule ya wanafunzi sabini na wanne, isiyoandikishwa, isiyo na dirisha, wala choo, wala mwalimu. Na sehemu yake kubwa iko msituni."

"Bwana, twende nikakuonyeshe. Utaona nyuki tu."

Bwana Mkaguzi hakuwa na haja ya kuona nyuki. Wala hakuna aliyemwuliza mtoto kama anajua kusoma. Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akamsomea Damas maneno, na Damas akayaandika magotini kwa mwandiko ule ule wa kushikana mikono. Shule ya Paskazia inafungwa. Raymundi asifundishe tena mtoto yeyote, wake au wa mwingine, nyumbani au msituni. Mtoto apelekwe shule iliyoandikishwa. Akikutwa anafundishwa hapa, baba ni jela.

Raymundi alijikuta amesimama karibu kuliko alivyokusudia. "Bwana. Mguu wake ni huu. Utazame."

Bwana Mkaguzi aliutazama, kwa adabu. "Shule iko wazi kwa kila mtoto. Haimkatazi kwa sababu ya mguu."

"Na njia? Ni maili nane."

"Njia si ya idara yangu."

Nje kuku walipigania punje za mtama. Raymundi aliitazama futi kamba ikirudi yenyewe ndani ya kijumba chake, kama ulimi. Aliziona maili nane kwa mgongo wake, na mgongo ule haukuwa tena na miaka thelathini. Akamwona Paskazia akizeeka juu ya mkeka ule, akimpa kila mpita njia karatasi na kumwuliza: tafadhali, hapa pamesemwaje? Na yote haya aliyaleta yeye, kwa miguu yake, na kibuyu cha asali juu.

"Mtani," alinong'ona kwa Damas. "Si ulipiga muhuri?"

"Nilipiga," alijibu Damas, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. "Ungebaki kwako, mzee, nani angekujua?"

Karatasi ilitakiwa kubandikwa mlangoni. Serikali ilikuwa imebeba wino, muhuri, futi kamba na chai ya chupa, lakini misumari ilisahau. Raymundi mwenyewe ndiye aliyewapa donge la nta. Damas aliipasha kiganjani, akaibandika karatasi kwenye ubao wa mlango kwa nta ya mtu aliyeandikwa ndani yake, na papo hapo nyuki mmoja akatua juu, akaanza kuutembea mstari wa kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Agizo hili," alisema Bwana Mkaguzi, "litasomwa kwa sauti kila asubuhi, siku thelathini, mbele ya wote wakaao humu, asije mtu akasema hakujua."

Ungo ulisimama. "Lisomwe na nani, Bwana?" aliuliza Apolinaria.

"Na mwenye nyumba."

Raymundi alisogea mlangoni. Alikunja uso, akaufuata mstari kwa kidole, akarudi mwanzo, akaufuata tena. "Bwana, hizi herufi zina mikia," alisema mwishowe. "Mimi zangu ni za masanduku."

Damas alijifanya anafunga kizibo cha wino.

Fimbo ilisikika sakafuni. Hatua ya kweli, hatua ya kukopa. Paskazia alijipenyeza chini ya mkono wa baba yake, akainua kidevu. Alianza kwa kujikwaa. Neno la kwanza alilishika kwa mkia, akaliachia, akalishika kwa kichwa. Alimwondoa nyuki kwa ncha ya kidole ili aone kilicho chini yake. "Ni... ma-ru... marufuku." Akasimama hapo, akalirudia lote, kama mtu anayeonja. Akaendelea. Jasho lilimtoka puani. Mstari wa tatu ulikwenda haraka kuliko wa pili, na alipofika kwenye wanafunzi sabini na wanne aligeuka akamtazama baba yake, akacheka kwa sauti, peke yake, kwa sababu hakuna mtu mwingine pale aliyethubutu. Kisha akarudi mlangoni akasoma mpaka mwisho, mpaka kwenye jina la Bwana Mkaguzi, ambalo alilitamka vibaya lakini lote.

Zilikuwa zimepita kurasa kumi na tisa na miezi mingi tangu asome kitu asichokijua.

Bwana Mkaguzi alimtazama Damas. Damas aliutazama wino.

"Vema," alisema Bwana Mkaguzi, akavaa kofia yake. "Basi na alisome huyu. Siku thelathini. Zikiisha, mtakuwa mmelielewa."

"Tutakuwa tumelielewa, Bwana," alisema Apolinaria, akitikisa ungo, makapi yakipeperuka kuelekea kwenye zile soksi. "Lakini thelathini ni nyingi, karatasi hii mtoto ataimaliza kufika Jumapili. Mkirudi mje na nyingine, na safari hii iwe ndefu."